Nimechoka Kuuziwa Kasi ya Laptopu

Kila nikipeleka gari sevisi, fundi ana wimbo uleule: "Kaka, niruhusu nichomeke laptopu, nibadilishe programu ya kontrol boksi, ile kompyuta ya injini. Hii gari itapaa!" Gari lenyewe ni Subaru Forester isiyo na turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi!

Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake. Programu haiwezi kuiongezea mapafu. Utalipa pesa nyingi upate nguvu kiduchu. Yenye turbo, sawa, presha ya hewa inapandishwa na tofauti unaisikia. Lakini joto nalo linapanda, injini inataka petroli bora, na giaboksi inabeba mzigo ambao haikupimiwa. Hayo mbona hayasemwi?

Tesla, wale wa magari ya umeme, walipoanza kuuza programu ya namna hiyo kwa gari lao la Model 3 Long Range, Desemba 2019, walitaja bei dola 2,000, na kwamba gari litafika maili 60 kwa saa kwa sekunde 3.9 badala ya 4.4. Nusu sekunde tu, ghali mno kwa maoni yangu, ila mteja anajua ananunua nini. Mimi naambiwa "itapaa". Itapaa wapi, kwenye foleni ya Kimara saa kumi na mbili jioni?

Kilichoniudhi zaidi ni wiki iliyopita. Fundi ameegemea boneti ananihubiria kasi, na hapo mguuni pake tairi la mbele kushoto limelika mpaka waya zinachungulia. Hakusema neno. Tairi, jamani! Nimeondoka, nikaenda kununua mawili mapya.