Siku niliyopangiwa kumkana Mungu, shangazi akachelewa tangazo

Shemeji yangu haamini Mungu. Sio wale wanaosema tu ibada zinawachosha, huyu alikulia kwenye dini kabisa, kakariri mafungu utotoni, kaimba kwaya, halafu ukubwani akakaa chini akasoma upya yote na akatoka na jibu lake. Ndo maana kubishana naye ni mateso. Ukimtupia aya moja anakurudishia tatu, tena na sura na mstari, na mwisho anakuuliza kwa upole "shem, hiyo umeisoma mwenyewe au umesikia?"

Silaha yake kubwa ni utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2010. Waliuliza watu maswali 32 ya dini mbalimbali, wastani wa watu wote ukawa 16, halafu walioongoza wakawa wakana Mungu na wale wa "hatujui kama yupo", 20.9, wakifuatiwa na Wayahudi 20.5 na Wamormoni 20.3. Hiyo 20.9 nimeisikia mpaka naiota. Nikaja kugundua kuna utafiti mwingine wa 2019 ambao Wayahudi waliongoza kwa 18.7 na wakana Mungu wakawa wa pili, 17.9. Aisee nilimpigia simu usiku uleule kumwambia wameshushwa. Akauliza waumini wenzangu wa Kikristo walikuwa wa ngapi, nikamwambia mtandao unasumbua.

Sasa watu wakachoka na sisi, wakasema basi iandaliwe shughuli moja ukumbini, waumini upande mmoja na wasioamini upande mwingine, ianze chemsha bongo halafu ufuate mdahalo, tumalize ubishi tukae kwa amani. Upande wetu nikawa nahodha, nina mzee mmoja wa kanisa, dada wa kwaya na ustadhi mmoja mpole sana ambaye ndo alikuwa tegemeo langu, sitaki kudanganya. Upande wa pili shemeji na jamaa zake wawili wenye miwani.

Chemsha bongo ilianza vibaya. Swali la kwanza: maneno "jisaidie nami nitakusaidia" yako kitabu gani cha Biblia? Mzee akasema Mithali. Dada akasema hapana ni Yakobo. Mimi kama nahodha nikakata shauri, nikasema Isaya, tena nikaongeza "karibu na mwishoni" ili isikike vizuri. Shemeji akainua mkono taratibuu, akasema hayapo. Hayapo popote, Mwanzo mpaka Ufunuo. Akasema Mmarekani Benjamin Franklin aliyachapa kwenye kalenda yake ya 1736, na kabla yake Mwingereza Algernon Sidney kwenye kitabu kilichotoka 1698, na wazo lenyewe liko kwenye ngano za zamani za Wagiriki. Ukumbi kimya. Nilimwona mtu anafunua simu kutafuta, akaifunika polepole. Ustadhi akatuokoa kidogo, akasema kwenye Quran kuna aya inayokaribia, sura ya 13 aya ya 11, kwamba Mwenyezi Mungu habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyo nafsini mwao. Wakatupa nusu pointi ya huruma.

Mamajusi walikuwa wangapi? Nikapiga meza, watatu! Mathayo 2 haisemi idadi bana, inataja zawadi tu, dhahabu na uvumba na manemane, idadi tumejaza wenyewe kwenye maigizo ya Krismasi ambayo mimi mwenyewe nimecheza nikiwa wa pili kutoka kushoto. Ila na wao walipatikana. Mwanamke gani pekee ametajwa kwa jina lake ndani ya Quran? Jamaa wa miwani akarukia, Khadija. Ustadhi akatabasamu tu, akasema Maryam, mama yake Isa. Na sura isiyoanza na Bismillah? At-Tawba, ya tisa, akajibu kabla swali halijaisha. Hapo nilisimama nikashangilia kama nimejibu mimi.

Halafu likaja lile la Musa. MC akauliza haraka haraka, Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina kwenye safina? Timu zote mbili kwa pamoja, kwa sauti, WAWILI WAWILI! Ustadhi peke yake ndo alinyamaza, akanigusa bega akasema ndugu yangu, Musa na safina wapi na wapi. Ni Nuhu. Tena hata kwa Nuhu, Mwanzo 7:2 inasema wale walio safi saba saba. Kumbe hilo swali lina historia, watafiti wa saikolojia waliwategea watu mwaka 1981, na wengi wakaingia hata wale wanaojua vizuri kabisa ni Nuhu. Shemeji alikuna kichwa. Mimi nilifurahi kukosa pamoja naye kuliko ningepata.

Walitupita pointi moja. Nasema moja, na ile nusu ingekuwa nzima tungeongea mengine.

Nikaona nisikubali kinyonge, nikachukua kipaza sauti nikawapa kisa cha Richard Dawkins, yule mwanabiolojia wa Uingereza maarufu kwa kumkana Mungu. Mwaka 2012 alikuwa redioni huko Uingereza, anasema Wakristo wengi walioulizwa kwenye kura ya maoni hawajui hata kitabu cha kwanza cha Agano Jipya, yaani Mathayo, ni asilimia 35 tu waliopata. Padri Giles Fraser akamwambia sawa profesa, hebu taja jina kamili la kile kitabu cha Darwin cha 1859 kuhusu asili ya viumbe. Jina lenyewe ni refu kama treni ya mizigo. Dawkins akaanza, akakwama, akababaika, na katikati ya kubabaika akaita "Ee Mungu"! Ukumbi ulivunjika. Hata jamaa wa miwani walicheka. Nikarudi kukaa kifua mbele, na ningejua yanayokuja ningeaga palepale nikaondoka.

MC akatangaza kwamba mdahalo utakuwa wa kubadilishana. Waumini watetee kwamba Mungu hayupo, wasioamini watetee kwamba yupo, maana mtu asiyeweza kuisema hoja ya mwenzake vizuri hajaielewa. Watu wakapiga makofi, wazo zuri, na mimi nikapiga. Akarudia tangazo mara mbili ili kila mtu asikie, kwamba hili ni zoezi jamani, msije mkaelewa vibaya.

Kila mtu alisikia isipokuwa shangazi yangu. Shangazi na wenzake wa kikundi cha maombi walikuwa bado njiani.

Nikapanda jukwaani. Kipaza sauti nacho kikaanza visa, waya umelegea, ukibana na kidole gumba pale chini kinaongea, ukiachia kinakata. Nikakibana. Nikaona nianze na mbwembwe, nikasema hata Biblia yenyewe imeandika "Hakuna Mungu", Zaburi ya 14 mstari wa kwanza! Sasa mpango ulikuwa nisubiri wacheke halafu nimalizie kwamba mstari kamili unasema mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu. Wakacheka kweli. Na ile naanza kumalizia, kidole kikateleza, kipaza kikakata, na mlango wa nyuma ukafunguka akaingia shangazi na kitenge chake cha kichwani, nyuma yake mama wanne.

Kwa hiyo alichokikuta ni mtoto wa kaka yake kasimama jukwaani katoka kusema hakuna Mungu na watu wanacheka.

Mimi sikumwona. Nilikuwa nimepamba moto. Nikaeleza tatizo la mabaya, hoja ambayo watu huihusisha na Epikuro wa Ugiriki ya kale, kwamba kama anaweza kuzuia mateso na hataki basi wema wake uko wapi, na kama anataka na hawezi basi uweza wake uko wapi. Nikaona vichwa vinatikisika mbele kwa kukubali, nikapata nguvu. Nikaingia kwa Bertrand Russell na birika lake. Huyu mwanafalsafa mwaka 1952 aliandika kwamba mtu akikwambia kuna birika la chai linazunguka jua katikati ya Dunia na Mirihi, dogo kiasi kwamba hakuna darubini inayoweza kuliona, huwezi kuthibitisha kwamba halipo, lakini hiyo sio sababu ya wewe kuliamini. Hoja safi kabisa. Ila kwa kipaza kile, watu wa nyuma wakapata vipande. Walisikia "kuna birika la chai", pakakata, "linazunguka jua", pakakata, "huwezi kuliona", pakakata, "kuliamini".

Shangazi akasimama. Sauti yake haihitaji kipaza.

"Mwanangu! Nani kakupa hiyo chai?"

Nikaganda. Nikataka kueleza kwamba ni zoezi, kipaza kikakata moja kwa moja safari hii, MC akaja akakipiga na kiganja, kikalia kwiiii, watu wakaziba masikio, na nilichoweza kusema kwa mdomo mtupu ni "shangazi ngoja nimalize". Hiyo ndo ilimuumiza zaidi, amenieleza baadaye. Kwamba nilitaka KUMALIZA. Akakaa, ila nikaona midomo ya wale mama wanne imeanza kucheza kimya kimya, macho yamefumba, na vidole vimeelekezwa kwangu.

Nikashuka, akapanda shemeji, na kipaza sauti kikapona. Sijui kwa nini. Hakikukata hata mara moja mpaka mwisho, na kuna watu mpaka leo wanahesabu hilo kama ushahidi.

Jamani yule mtu alihubiri. Alianza na hoja ya Al-Ghazali, yule mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, kwamba kila kilichoanza kuwepo kina kilichokianzisha, na ulimwengu ulianza kuwepo, basi nao unacho. Ustadhi akatamka maashallah. Akapita kwa Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, na njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo, haraka tu, halafu akalifunga lile swali la mateso nililoliacha wazi kwa kwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha Ayubu. Akashusha sauti. Ayubu kapoteza mali, kapoteza watoto, kakaa kwenye majivu anajikuna na kigae, marafiki wanampa mahubiri badala ya kumpa pole, na mwisho Mungu anamjibu kutoka kwenye upepo wa kisulisuli, sura ya 38, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Akanyamaza. Akarudia, safari hii anaangalia watu, ULIKUWA WAPI. Dada wa kwaya, wa timu yangu mimi, akaangua kilio. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Mzee wa kanisa akasema amina mpaka meno ya bandia yakacheza.

Mimi nilikaa pale natafakari kwamba ile sura nimeisikia maisha yangu yote na haijawahi kusomwa hivyo, na anayeisoma haamini hata neno.

Hapo ndo kijana mmoja wa kule nyuma, naye alichelewa, akatoka akaja mbele, akapiga magoti miguuni kwa shemeji, machozi yanamtoka, anataka kuombewa. Shemeji akageuka mweupe. Akaniinamia akanong'ona, "shem, nafanyaje?"

"Mwombee."

"Kwa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akamwekea mkono begani yule kijana, akasema polepole "utakuwa sawa ndugu yangu, pole sana," na ukumbi mzima ukaitika amina.

Mimi nilikuwa naelekea mlangoni. Sikufika. Shangazi na wenzake walinizunguka, mikono mitano kichwani, na maombi yakaanza pale pale. Nilijaribu kusema mimi ni mwamini, mimi ni nahodha wa waumini, mwulizeni MC! Wakasema ndivyo anavyosema kila aliyefungwa. Mama mmoja mfupi, ambaye nguvu zake sizielewi zilitoka wapi, akanishika mabega akapaza sauti, "Pepo wa birika, toka!" Wote wakaitika, toka! MC alikuja kueleza kwamba lilikuwa zoezi la kubadilishana pande, wakamwambia naye asogee aombewe. Shemeji akaja kunitetea, akasema mama zangu mimi ndo siamini, huyu anaamini. Wakamwangalia kwa upendo mkubwa. Mmoja akasema oneni alivyo mnyenyekevu, hataki hata sifa.

Matokeo ya mdahalo hayakuwahi kutangazwa, maana majaji wawili walikuwa wanalia na wa tatu alikuwa amenishika mguu.

Nilimweleza shangazi kila kitu baadaye, kwa utulivu, hata nikamwonyesha ratiba iliyoandikwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa baba, nimekuelewa, halafu akaniwekea maji ya kunywa aliyoyaombea. Shemeji yeye aliitwa kwenye kikundi chao awafundishe kitabu cha Ayubu. Nikadhani atakataa. Alikwenda, akawaambia tena wazi kwamba haamini, wakasema hamna shida mwalimu, endelea, na sasa anasema wale mama wanauliza maswali makali kuliko jamaa zake wa miwani, yuko nao sura ya 19 na hataki kuharakishwa.

Mimi jina langu liko kwenye daftari lao la wanaoombewa. Nimeliona kwa macho yangu, liko chini ya mgonjwa wa mgongo na juu ya mtu anayetafuta kazi, na mbele yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu "chai". Juzi nimekutana na yule mama mfupi, akanishika mkono, akaniangalia machoni kwa huruma akauliza kama birika nimeshaacha.

Nikamjibu nimeacha mama.