Kabla ya Rangi, Nionyeshe Chuma

Mafundi bodi wa Arusha wanasemwa vibaya sana. Eti wanafukia kutu kwa puti, wanapulizia rangi, na masika ya kwanza tu gari linaanza kutoa malengelenge. Wapo wa hivyo, sibishi. Lakini ukishinda kwenye magereji ya mtaa wa Unga Ltd utagundua kwamba puti mara nyingi huagizwa na mwenye gari mwenyewe. Anaingia na gari lililooza vizingiti vya chini ya milango, anataka ling'ae kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Akitajiwa bei ya kukata na kuchomelea, anashika kiuno: "Fundi, unataka kuniuzia gari langu mwenyewe?" Akitajiwa bei ya rangi, anaomba apunguziwe kidogo, anatoa simu, pesa inatumwa palepale. Fundi naye ana ada za watoto. Anampa mteja kile anachokubali kukilipia.

Ndiyo maana nasema lawama tuzigawane, na fungu kubwa libaki kwetu wenye magari. Kwenye gari dogo la zamani, pesa iende kwenye chuma kwanza. Rangi ije na kitakachobaki. Kisipobaki kitu, gari litembee na praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza isiyopitisha maji, hadi mambo yakae sawa. Nasema epoksi kwa makusudi, maana praima ya kawaida hunyonya maji, na ukiliacha nje na hiyo umeifungulia kutu mlango.

Langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, lililoishi Tanga miaka mingi kabla ya kupanda huku. Chumvi ya pwani haina huruma na chuma: inashika unyevu na kuifanya kutu ienee haraka. Hata hivyo mwenye Beetle ana bahati kuliko mwenye Morris au Datsun ya enzi hizo. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na kwa wingi huo fenda, sakafu na vizingiti vyake bado vinatengenezwa mpaka leo. Wazee wetu waliziamini kwa sababu. Safari Rally ya mwaka 1962, iliyokuwa ikikata Kenya, Uganda na Tanganyika, ilichukuliwa na Tommy Fjastad akiwa ndani ya Volkswagen hii hii.

Tuanze na kilicho rahisi. Fenda zote nne zimefungwa kwa bolti. Unahitaji spana namba 13, mafuta ya kulainisha kutu yaliyolala usiku kucha, na subira. Kuna bolti zitakazokatika, kuna nati ya ndani itakayozunguka bure, fundi atalaani, atatoboa, kazi itaendelea. Kati ya fenda na bodi kuna ukanda mwembamba wa mpira. Nunua mpya, na usikubali upakwe rangi. Kwa hiyo fundi anayetaka kujaza puti kwenye fenda iliyooza ya Beetle aulizwe kwa nini, wakati inafunguka na kuwekwa nyingine.

Kazi yenyewe iko chini. Gari hili lina sakafu mbili, kulia na kushoto, zilizochomelewa kwenye uti wa katikati, halafu bodi inakaa juu yake na kufungwa kwa bolti. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali ikimwagika kidogo kidogo kwa miaka, sakafu inaliwa bila abiria kujua. Inua kiti, toa betri, chukua bisibisi uchokonoe. Kwenye langu bisibisi ilipita bila kusukumwa, tukaona changarawe ya gereji. Na juu rangi ilikuwa nzima, nyeusi tii. Mtu fulani wa zamani alikuwa amelaza nyuzi za faiba na puti pale kama anapiga plasta ukutani, na chini yake kutu ilitoka matabaka matabaka, unaibandua kwa kucha. Ukishafika hapo, hakikisha pia betri ina kifuniko. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, gari linaweza kuwaka moto, na hili si la kutisha watoto.

Halafu vizingiti. Chini ya milango ya Beetle kuna boksi refu la chuma lenye njia ndani yake, linalopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini nyuma hadi mbele. Mtu wa Moshi mjini atauliza joto la nini. Aje Arusha mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi. Lakini hata usipotaka joto, boksi hilo ndilo linaloshika bodi isijikunje katikati. Fundi wa kweli, kabla ya kuwasha grinda, anachomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango. Anakata upande mmoja, anaumaliza, ndipo anahamia wa pili. Asipofanya hivyo mlango hautafunga tena, na utakapolalamika utaambiwa, "Dada, bawaba zimechoka."

Kuna wanaoshikilia kwamba kila kipande kiagizwe nje. Hapo ninawapinga. Kizingiti, sawa, kiagizwe, kwa kuwa umbo lake ni gumu na vipimo vyake ndivyo vinavyopanga milango. Sakafu inaundwa hapahapa. Fundi wangu aliitengeneza ya kulia kwa shiti nyeusi ya geji 18, unene wa kama milimita 1.2. Ile mifereji inayoikaza sakafu aliitoa kwa kulaza shiti juu ya mbao mbili zilizoachana, akapita katikati yake na kipande cha springi ya lori alichokisaga ncha ikawa butu, anagonga kidogo, anasogea, anarudi, anagonga tena. Mashine ya kukunjia hana. Alipoipachika kwenye uti ilikaa, isipokuwa pembe ya nyuma ambayo aliirudia. Mimi kazi hiyo ninailipia bila kunung'unika.

Alichokataa katakata ni bati la paa. Nilishaona magari yaliyochomelewa bati la geji 30, na wenyewe wanafurahia unafuu wa bei. Bati hilo ni jembamba mno, na lina zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka jioni, na mshono wenyewe unabaki na vitundu. Shiti nyembamba ya bodi nayo haichomelewi mstari mzima kwa mkupuo. Ni nukta hapa, nukta kule, chuma kipoe, vinginevyo kinapinda. Na tangi la petroli, ambalo kwenye Beetle liko mbele chini ya boneti, litolewe nje kabisa. Kulifunika na gunia bichi si kulitoa.

Sina ugomvi na puti. Ikipakwa nyembamba juu ya chuma kizima, kusawazisha alama za nyundo, inafanya kazi iliyotengenezewa. Ugomvi wangu ni puti iliyoziba tundu, kwa sababu unyevu unaingia kwa nyuma na kutu inaendelea kula huku wewe unapiga polishi. Ukienda kununua gari la zamani beba sumaku uliyoifunga kwenye kitambaa. Mahali isiposhika, chuma hakipo au kimezikwa.

Nimeshaambiwa kwamba kwa gharama hizi ningenunua Vitz. Kweli, na anayetaka Vitz anunue. Ila asilipige puti hili la zamani na kumuuzia kijana wa chuo kwa maneno matamu, maana kiti cha dereva kimefungwa kwenye sakafu hiyohiyo.

Ukiamua kutengeneza, vunja malipo. Toa fungu la kwanza ukishaona kilichokatwa kimewekwa pembeni, maana kutu iliyotolewa lazima ionekane. La pili utoe mshono ukiwa wazi, haujapakwa kitu, ukipitisha kidole juu na chini. Rangi ijadiliwe baada ya hapo. Fundi mzuri hachukii utaratibu huu, wangu alisema afadhali, kwani wengi humjia wakati ameshamaliza na kumwuliza mbona bei kubwa, "si umepaka rangi tu?"

Kabla hajachanganya rangi, mkumbushe azibue matundu ya kutolea maji chini ya milango. Ukishalichukua gari, pulizia nta ndani ya sehemu zilizofungika. Wengine wanatumia oili chafu. Inasaidia, lakini ikiingia kwenye njia ya hewa ya moto, Julai utaendesha ukiinusa kuanzia Sakina hadi Usa River.