Baridi ya Julai si ya kubezwa

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, ninakerwa na watu wanaonieleza kwamba Nairobi haina baridi kwa sababu haina theluji. Ni kweli tuko karibu na ikweta, lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai mawingu hutanda kutwa, jua likakosa nafasi ya kuzipasha joto kuta za mawe zilizopoa usiku kucha. Huko Ulaya wanakotutajia, nyumba hujengwa kwa kuitarajia baridi. Zetu zina sakafu ya saruji na madirisha yasiyofunga sawasawa.

Leo alfajiri nilimwona mtoto wa jirani akingoja basi la shule, mikono ya sweta ameivuta hadi vidoleni, midomo imepauka. Nani atamwambia kwamba hahisi baridi?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dharau hii huficha hatari. Familia inayoishi katika chumba kimoja huingiza jiko la makaa ndani, ikafunga dirisha, na ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu ikawaua watu wakiwa usingizini. Wengine hutamani theluji ianguke Nairobi wapige picha. Theluji yetu iko Mlima Kenya, na barafu yake inazidi kuyeyuka. Mimi natamani blanketi la pili kwa kila kitanda cha mtoto, na jiko libaki nje.