Nimeifuta, mbona picha bado ipo?

Jumapili moja nilikaa kuchuja picha zangu za miaka mingi. Nikapata zaidi ya 800 za kutupa: zilizotikisika, zilizojirudia, na kadhaa za dole gumba langu mwenyewe. Nikazichagua, nikabonyeza kitufe cha kufuta, zikatoweka. Nilipoangalia diski, nafasi haikuwa imeongezeka hata chembe. Nikaitukana programu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, kisha nikagundua nilikuwa nimezitoa kwenye albamu tu. Mafaili yalikuwa yametulia kwenye folda yao.

Tangu siku hiyo naamini kwamba mengi ya malalamiko ya "programu inakataa kufuta" ni tatizo la lugha kabla ya kuwa tatizo la kompyuta. Neno "futa" limebebeshwa mizigo mingi mno: kutoa kwenye albamu, kutoa kwenye katalogi, kupeleka kwenye pipa la taka, kufuta diskini, kufuta kila mahali. Kitufe ni kimoja, na wewe ndiye wa kubahatisha.

Chukua Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha. Picha hazikai ndani yake. Inachotunza ni katalogi, yaani daftari la kuonyesha kila picha iko folda gani na umeihariri vipi. Ukibonyeza Delete ukiwa kwenye mkusanyiko (ndiyo albamu ya huko), picha inatoka kwenye mkusanyiko huo, basi. Ukiwa kwenye folda, unaulizwa kama unataka kuiondoa kwenye katalogi au kuifuta diskini kabisa. Hilo swali nalipenda. Wapo wanaoliona kero; mimi kero yangu ni programu zisizouliza. Ukifanya kinyume, ukafuta faili moja kwa moja kwenye folda bila kupitia programu, kijipicha, ile picha ndogo unayoiona ndani ya programu, kinabaki na alama ya mshangao, kwa sababu daftari halijapata habari za msiba.

Kwenye simu mambo yanageuka. Google Photos huiweka picha iliyokwisha kupakiwa winguni kwenye pipa kwa siku 60, na ikiwa humo bado inaweza kula nafasi. Kwa hiyo anayefuta video usiku kwa sababu simu imejaa, asubuhi anaweza kuikuta bado imejaa. Amwage pipa kwanza. Kwa upande wa iCloud, hifadhi ya winguni ya Apple, ukiwa umewasha usawazishaji, picha uliyoifuta kwenye simu inafutika pia kwenye kompyuta na tableti. Watu huudhani usawazishaji kuwa nakala rudufu. Sivyo hata kidogo: nakala rudufu hukulinda na kosa lako, usawazishaji hulisambaza.

Sisemi hitilafu za kweli hazipo. Kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni, kikiwa kimefungwa hakuna kinachofutika. Windows hugoma faili likiwa limeshikwa na programu nyingine. Diski ya nje inaweza kuwa haikupi ruhusa ya kuandika. Mpiga picha wa RAW, yaani picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, anaweza kufuta RAW yenyewe akaacha nyuma faili la XMP, lile dogo linalotunza maelezo ya uhariri, yatima lisilo na kazi. Na picha zikikaa kwenye diski ya mtandao, jihadhari: mara nyingi huko hakuna pipa, kilichokwenda kimekwenda.

Siku hizi, jambo likinitatiza, sibonyezi tena mara ya pili. Naifunga programu, nafungua folda, nalitafuta faili kwa jina lake. Likiwepo, basi nimeliondoa kwenye albamu au katalogi tu, au kuna ruhusa inayokosekana. Lisipokuwepo lakini kijipicha kikaendelea kunikodolea macho, kosa liko kwenye katalogi. Dakika mbili, na nusu ya kitendawili imeteguka.

Wanaounda programu hizi wangetuokolea hata hizo dakika mbili kwa kuandika kwenye kitufe kitu gani kitatokea: "Ondoa kwenye albamu hii", "Futa diskini na kwenye vifaa vyako vyote". Maneno marefu, ndiyo. Kitufe kinene kidogo hakijamuua mtu.

Zile 800 nimeshazifuta, safari hii diskini na kwenye pipa. Zilizo kwenye diski ya nakala rudufu sijazigusa bado.