Nakimbia Mwanga, Naitwa Mwanga

Mwanzoni mwa 2025 nilinunua darubini. Siku ilipofika, mawingu nayo yakafika, yakakaa wiki mbili kama wageni wasiojua kuaga. Mama watoto kuona chombo kimesimama tu pale barazani hakina kazi, akaanza kuanika soksi juu yake.

Mimi kilichonitoa pesa ni pete za sayari ya Zohali. Hizo tu. Kumbe kila baada ya miaka kama 15 pete hutugeuzia ubavu zikawa nyembamba kuliko uzi, na zamu yenyewe ilikuwa Machi 23, 2025. Miaka yote niliyokuwa sina darubini zilijianika waziwazi. Nimenunua, zimejifunika! Nikahamia kwa sayari ya Mshtarii, nikaona miezi yake minne imejipanga mstari. Galileo aliiona 1610 kwa darubini dhaifu kuliko yangu, akapata jina dunia nzima. Mimi niliambiwa nifunge mlango, naingiza mbu.

Nikasema basi, nipige picha, watu waone. Weee! Mchana kamera inajiwekea fokasi yenyewe. Usiku inakuachia msala wako. Unachagua nyota moja, unazungusha lenzi kwa ncha za vidole: nyota inavimba, inasinyaa, inakuwa punje, umefurahi, ukiondoa kidole imevimba tena. Na usibonyeze kamera kwa mkono, inatikisika. Unaiwekea isubiri sekunde mbili halafu unabana pumzi, kana kwamba wewe ndiye unayepigwa picha. Halafu Dunia nayo haitulii, inazunguka nyuzi 15 kila saa. Wenye uzoefu wana kanuni: gawanya 500 kwa milimita za lenzi, upate sekunde za kuiacha wazi. Yangu ni ya milimita 50, kwa hiyo sekunde 10. Mimi niliiacha 30, maana nyota ni nyingi, nikaona nizipe nafasi. Zikatoka minyoo.

Tatizo lililobaki ni umande. Lenzi inalowa kama kifuniko cha sufuria. Nikavuta waya dirishani, nikachukua draya ya nywele ya mama watoto. Ikavuma saa nane usiku, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Lakini yote hayo nayasamehe. Lisilosameheka ni taa ya jirani.

Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na taa nyeupe inayafuta yote kwa sekunde moja. Ndiyo maana sisi wa mambo haya tunavaa kitaa chekundu kwenye paji la uso, tunatembea polepole, wakati mwingine tunatambaa kutafuta skrubu iliyoanguka kwenye nyasi. Sasa nimeshazoea giza, nyota za Kilimia nimezihesabu saba, mara ghafla, Februari ile, jirani anafunga taa ukutani. Taa gani ile! Ukisimama uani kwangu usiku unasoma barua bila miwani. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza mbingu, ndiyo tukaagana.

Agosti nikakesha kungoja vimondo vya Perseidi, usiku wa kuamkia tarehe 13. Mwezi wenyewe ulikuwa umebakiza zaidi ya asilimia 80 ya uso wake, ukichanganya na ile taa... niliona vinne. Kimoja nadhani kilikuwa ndege.

Septemba 7 mwezi ukapatwa wote, dakika 82 umezama kivulini, mwekundu kwa mwanga wa jua uliopenya pembeni mwa hewa ya Dunia. Majirani wote nje. Jirani wa taa akaja kuchungulia kwenye darubini, akasifu, tukazoeana. Nikaona hapa ndipo pa kusemea.

"Jirani yangu, ile taa yako usiku..."

"Ah, ile? Niliifunga Februari kwa sababu ya mwanga."

"Mwanga?"

Akanisogelea sikioni. "Wewe huoni? Saa nane usiku anatambaa humu nyuma ya nyumba zetu. Ana jicho moja, jekundu, hapa." Akagusa paji la uso. "Siku moja nikamsikia anavuma."

Nikapandisha mkono taratibu kana kwamba najikuna, nikavua kitaa changu, nikakitia mfukoni. Sikusema neno. Mwaka mzima nakimbia mwanga, kumbe mwanga ni mimi.

"Na wewe unakesha nje peke yako," akaniambia. "Usiwe na wasiwasi. Nitakusaidia."

Desemba 13 ndio usiku wa vimondo vya Geminidi, na safari hii mwezi ulikuwa mwembamba, unachomoza umechelewa. Mbingu safi, draya ipo, kanuni ya 500 nimeikariri. Nikafungua mlango wa nyuma na stendi ya kamera begani.

Jirani yuko juu ya ngazi, anakaza taa ya pili. Ameielekeza uani kwangu kabisa.

"Jirani!" akaita. "Sasa utaona vizuri!"

Nikamshukuru.