Baba Alikuwa Ndege

Wazo lilikuwa langu, na mke wangu hachoki kuwakumbusha watu hivyo. Nilitaka wanangu wawili, mmoja wa miaka 6 na kitindamimba wa miaka 4, wajue kuna muziki duniani zaidi ya ule wa katuni. Basi kila Jumamosi jioni tukawa tunasukuma makochi ukutani, tunaweka muziki wa nchi moja, tunacheza wote.

Tulianza na samba ya Brazili. Samba haikuhitaji mwalimu. Watoto walijitikisa mpaka wakaanguka wenyewe. Wiki ya pili ikawa haka ya Wamaori wa Nyuzilandi: kupiga mapaja, kukanyaga kwa kishindo, kutoa macho na ulimi. Kitindamimba akaupenda ulimi kuliko vyote. Kesho yake mama mkwe akapiga hodi, akapokelewa na macho yaliyomtoka mtoto na ulimi uliofika kidevuni. Nikajieleza haraka kwamba hiyo ni heshima, Wamaori hukaribisha wageni wakubwa kwa haka. Mama akanitazama, akamtazama binti yake, akaomba maji ya kunywa.

Hapo ningekoma. Sikukoma.

Wiki ya tatu nikaleta tinikling, ngoma ya Ufilipino. Watu wawili wanachuchumaa, kila mmoja mwisho wake, wameshika mianzi miwili mirefu. Wanaigonga chini mara mbili, kisha wanaigonganisha. Mchezaji anaruka katikati mianzi ikiwa imeachana, anachomoa miguu kabla haijakutana. Wanaiga ndege aitwaye tikling, mjanja wa kukwepa mitego ya wakulima wa mpunga.

Mianzi hatukuwa nayo. Tulikuwa na fagio na mopu, na mopu yenyewe bado imelowa.

Watoto wakachuchumaa, nikawafundisha kuhesabu kwa maneno: "Chini, chini, gonga. Chini, chini, gonga." Mazoezi bila mchezaji yakaenda vizuri mno, nikaona nimezaa wanamuziki. Mke wangu akawasha kamera ya simu. Nikavua soksi, nikaingia.

Chini, chini, nimo ndani. Gonga, nimetoka. Mara ya tatu nikageuka kuitabasamia kamera.

Sasa, yeyote aliyewahi kuimba na watoto wadogo anajua: wakinogewa, mdundo unakimbia. Hilo nililijua. Nisichokijua ni kwamba kitindamimba alikuwa ameshaamua "chini" mbili ni nyingi, moja inatosha.

"Chini, gonga!"

Mguu wa kushoto ulikuwa bado ndani. Wa kulia ukatua juu ya nyuzi za mopu, ukateleza kuelekea mlangoni peke yake. Nikashika pazia. Pazia likaja, na fimbo yake, na vumbi la miaka mingapi sijui. Nilipofumbua macho muziki ulikuwa unaendelea, na mkubwa amesimama kichwani pangu.

"Baba, umenaswa. Zamu yangu kuwa ndege."

Hospitalini daktari akauliza nimeumiaje. Nilikuwa natafuta maneno yenye heshima kidogo, kitindamimba akaniwahi: "Baba alikuwa ndege." Mke wangu akasema maelezo ya nini na video ipo. Daktari akaitazama. Akairudia. Akamwita muuguzi, muuguzi akamwita mwenzake, na mguu wangu ukakaa hapo ukivimba mpaka watazamaji wakaisha.

Hakuna mfupa uliovunjika, kifundo tu kilikuwa kimeteguka. Nikapewa dawa ya maumivu na magongo mawili.

Kesho yake mama mkwe akaja kunipa pole. Akakaa nami kidogo chumbani, akasikiliza kisa chote akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, kisha akaaga kwamba anakwenda kuwaona wajukuu sebuleni. Baadaye nikataka kwenda msalani. Nikapapasa kando ya kitanda, magongo hayapo.

Sebuleni kukasikika: "Chini, chini, gonga. Chini, chini, gonga."

Kisha sauti ya mama mkwe: "Ngojeni kwanza, nivue viatu."