Ubishi wa Jumapili, Kirumba

Huu ni mwaka wangu wa tisa Hamburg, na kila nikirudi Mwanza likizo naulizwa unakosa nini huko. Watu wanategemea niseme sato. Sato namkumbuka kweli, lakini ninachokikosa zaidi ni Jumapili.

Jumapili moja ya Julai niliamka kwa baba mdogo, Kirumba, redio ikiwa imeshawashwa. Zilipendwa. Ba'mdogo hachagui wimbo, anapokea unaokuja huku anapiga pasi. Ulipokuja wa Mbaraka Mwinshehe akaongeza sauti, na ubishi ukaanza: huu ni wa bendi yake ya Morogoro Jazz au ya Super Volcano? Yeye akashikilia Morogoro. Mimi nikasema, "Hapana ba'mdogo, hapo ameshahama," maana Super Volcano aliiunda 1973. Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi kutuambia wote hatujui kitu. Binamu akatoa simu atafute jibu. "Weka hiyo simu," ba'mdogo akamwambia, "usitukatie stori."

Hamburg nyimbo zote hizo ninazo. Navaa hedifoni, na besi naisikia vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia kwenye redio ya nyumbani, hilo nalishukuru. Jumapili kule ni siku ya utulivu kisheria, muziki wa kupita ukuta hauruhusiwi. Nikiwa na shaka kuhusu bendi natafuta, jibu linakuja papo hapo, na sina wa kumwambia.

Mchana tuliweka filamu ya mapigano ya zamani. Utotoni tuliziona kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akizungumza juu ya sauti za waigizaji kwa mtindo wa Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, adui akipewa jina la mtu tunayemjua mtaani. Niliwahi kwenda kuona filamu ya aina hiyo kwenye sinema ya Hamburg. Kiti laini, sauti safi, ukumbi kimya. Nikagundua nusu ya nilichokipenda hakikuwemo kabisa kwenye filamu.

Hii ya Kirumba ilifika katikati, umeme ukakatika. Kukatika umeme si jambo la kusifia, mama mdogo ana samaki kwenye friza. Ila hakuna aliyeinuka. Mtoto wa jirani aliyekuwa ameshaiona akasimama mbele ya televisheni iliyozimika, akatumalizia, mateke na yote.

Jioni wakaanza kuja. "Mwadila!" mlangoni, salamu ya Kisukuma, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyealikwa. Dagaa wa kukaanga, kachumbari, viti vya kuazima kwa jirani.

Sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema wazungu hawana upendo. Rafiki yangu wa Hamburg hupanga kuonana wiki tatu kabla, lakini nilipougua ndiye aliyepanda ngazi na supu. Desemba kule jua linazama saa kumi jioni na watu wengi wanafanya kazi za zamu. Bila kupanga hamuonani. Kinachokosekana ni nafasi ya mtu aliyekuja bila sababu.

Na sasa naona hata Mwanza nafasi hiyo inapungua. Rafiki zangu wawili wamejenga Buswelu, ukuta mrefu, geti la chuma, na ukitaka kwenda unapiga simu kwanza. Niliwaambia usoni kwamba linaniuma. Mmoja akanijibu, "Ndugu yangu, wewe uko mbali, hujui wizi ulivyo." Ana haki ya kusema hivyo, lakini jibu lake halijanitoka.

Ilikuwa usiku wa giza, mwezi haupo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wameingia ziwani. Taa zao zilitanda mpaka mbali, kama kuna mji mwingine juu ya maji. Tulikaa nje tukiziangalia, redio ya betri ikiimba chini chini, hadi ba'mdogo akanigeukia: "Ule wimbo wa asubuhi ni wa Morogoro, na kesho namleta kaka yangu aliyecheza muziki wao ukumbini, akuambie mwenyewe."